Luxembourg: kwa nini takwimu za gesijoto hazifanani na wakazi wake

SWALI: Naandika tasnifu ya uzamili kuhusu nishati katika nchi ndogo za Ulaya, na Luxembourg inanichanganya. Kwa kila mkazi inatoa gesijoto nyingi kuliko Ujerumani yenye viwanda vyote vile na makaa ya mawe. Halafu chati yake inaporomoka miaka ya 1990, inapanda tena hadi 2005, kisha inashuka. Je, takwimu zina kasoro? Na nipange vipi jedwali ambalo msimamizi wangu hatalirudisha?

JIBU: Takwimu ziko sawa. Kinachokuponza ni kuchukua jumla na kuigawa kwa idadi ya wakazi kabla ya kuangalia jumla hiyo imebeba nini.

Anza na barabara, maana ndiko kuliko zaidi ya nusu ya hesabu yote. Kwa kanuni za IPCC, jopo la kimataifa la tabianchi, mafuta ya magari huandikwa kwa nchi yalikouzwa, hata yakichomwa nchi nyingine. Luxembourg kwa miaka mingi imetoza ushuru mdogo wa mafuta kuliko Ubelgiji, Ufaransa na Ujerumani, nayo imekaa katikati ya njia kuu za malori. Chukua lori linaloingia kutoka Ufaransa kwa barabara ya A3, likasimama kwenye kituo cha mafuta cha Berchem na kujaza lita 1,000 za dizeli. Lita moja ikiungua hutoa takriban kilo 2.64 za CO2, kwa hiyo Luxembourg imeshaandikiwa tani 2.64 hata kabla dereva hajawasha injini. Lori likila lita 30 kwa kilomita 100, halimalizi lita 15 kufika Wasserbillig, mpakani mwa Ujerumani. Zaidi ya lita 980 zinaungulia Ujerumani na kuendelea mbele. Juu ya malori, kuna zaidi ya wafanyakazi 200,000 wanaoishi nchi jirani na kuvuka mpaka kwenda kazini, na wengi wao hujaza tangi kabla ya kurudi nyumbani. Hao hawamo katika idadi ya wakazi unayogawia. Kanuni hii si ya Ulaya peke yake: lori linalojaza Dar es Salaam kwenda Lubumbashi huhesabiwa Tanzania vilevile.

Sasa hiyo chati. Mwaka 1990 nchi ilitoa karibu tani milioni 13 za gesijoto. Katika miaka ya 1990 viwanda vya chuma viliacha matanuru ya koki (makaa ya mawe yaliyookwa) na kuhamia matanuru ya umeme yanayoyeyusha vyuma chakavu. Tanuru la mwisho la koki, pale Belval, lilizimwa 1997. Njia ya koki hutoa takriban tani 2 za CO2 kwa kila tani ya chuma. Tanuru la umeme lenyewe hutoa sehemu ndogo sana ya hizo, ila linakula kilowati-saa 400 hadi 500 kwa tani. Umeme huo kwa sehemu kubwa uliagizwa kutoka nje, na moshi wa umeme ulioagizwa huandikwa ulikozalishwa. Kwa hiyo usiandike kwamba sekta ya chuma “ilijisafisha” kwa kiwango chote kinachoonekana. Sehemu ya mzigo ilihama.

Kupanda hadi 2005 kulitokana hasa na mauzo ya mafuta ya magari. Mtambo wa gesi wa Twinerg huko Esch-sur-Alzette, ulioanza kazi 2002, nao uliongeza. Ulipofungwa 2016, moshi wake ulitoka kwenye daftari la nchi, lakini taa za Luxembourg hazikuzimika.

Mwaka 2020 ni mtego. Usafiri wa umma ulifanywa bure kuanzia mwisho wa Februari, na wiki chache baadaye corona ikafunga mipaka na maofisi. Ukimpa basi la bure sifa ya mteremko wa mwaka huo, msimamizi wako atakuwa na haki ya kukurudishia kazi. Kodi ya kaboni ndiyo ina hesabu inayoshikika: euro 20 kwa tani mwaka 2021, ikiongezeka euro 5 kila mwaka. Kwa dizeli, euro 20 ni kama senti 5.3 kwa lita kabla ya VAT.

Kwenye jedwali, chukua kwa Eurostat, ofisi ya takwimu ya Umoja wa Ulaya, seti ya env_air_gge kwa gesijoto na nrg_bal_c kwa nishati. Weka usafiri wa barabarani (CRF1A3B) katika safu yake peke yake. Kisha tengeneza safu mbili za uwiano kwa kila mkazi, moja ikiwa na barabara na nyingine bila barabara. Ya pili haimaanishi kwamba wakazi hawaendeshi magari, nawe useme hivyo chini ya jedwali.

Wengi hukimbilia akaunti za env_ac_ainah_r2 zinazohesabu kwa ukaazi wa kampuni na kaya, wakidhani tatizo limekwisha. Kweli, madereva wa nje wanatoka, lakini ndege za mashirika yaliyosajiliwa Luxembourg zinaingia, na Cargolux ni shirika kubwa la mizigo. Orodha ya IPCC huacha safari za kimataifa za ndege nje ya jumla ya nchi. Tumia jedwali la kuunganisha hesabu hizo mbili, env_ac_aibrid_r2, linaloonyesha kila kilichotolewa na kilichoongezwa.

Upande wa umeme, angalia Vianden. Ni kituo cha takriban megawati 1,300 kinachopandisha maji mlimani umeme ukiwa rahisi na kuyateremsha ukihitajika, na kimeungwa na gridi ya Ujerumani. Kwa kila uniti 4 zinazoingia kwenye pampu, kama 3 hurudi. Ukikiweka pamoja na umeme wa mito ya kawaida, utaipa nchi umeme jadidifu isionao. Kitoe.

Mwisho, mauzo ya dizeli yakishuka Luxembourg, fungua pia takwimu za mauzo za Ubelgiji na Ufaransa za miaka ileile, kwani zote mbili hurudishia wasafirishaji sehemu ya ushuru wa dizeli. Huenda lori lilelile limebadilisha pampu tu.