Kupeleka intaneti kwenye televisheni kwa waya za umeme

Swali: Ruta yangu iko sebuleni, na televisheni ninayotazamia filamu iko chumba cha nyuma, ng'ambo ya kuta tatu za matofali. Picha huganda kila baada ya dakika chache. Nimeshauriwa ninunue jozi ya adapta zinazopitisha intaneti katika waya za umeme, ambazo boksi lake linataja megabiti 1200 kwa sekunde. Je, nitaipata kasi hiyo?

Jibu: Hutaipata, ila pia huihitaji. Namba ya kwenye boksi ni kasi ghafi ya mawimbi ndani ya waya katika mazingira bora kabisa, na kinachofika kwenye kifaa chako huwa ni sehemu ndogo tu ya namba hiyo. Netflix inapendekeza megabiti 5 kwa sekunde kwa picha ya 1080p na 15 kwa picha ya 4K. Kwa hiyo jozi inayokupa 40 bila kuyumba itakufaa kuliko inayoruka hadi 200 kisha ikaporomoka hadi 3.

Kabla ya kununua chochote, sogeza televisheni karibu na ruta, au unganisha kompyuta na ruta kwa kebo, kisha utazame filamu ileile. Ikiganda hata hapo, tatizo liko kwenye huduma inayoingia nyumbani, na adapta hazitalitibu.

Umeme wa kawaida hubadili mwelekeo kwa hezi 50 au 60 (yaani mizunguko 50 au 60 kwa sekunde), ilhali adapta hutuma data kwa mawimbi yanayoanzia takriban megahezi 2 (hezi milioni mbili), na ndiyo maana viwili hivyo hupita katika waya mmoja bila kugombana. Lakini ekstensheni yenye kinga ya umeme huyachukulia mawimbi hayo kuwa uchafu na kuyachuja, na hilo ndilo kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko yote. Chomeka adapta zote mbili moja kwa moja kwenye soketi za ukutani, na chaja za simu uziweke mbali nazo, hasa zile za bei rahisi, kwa sababu hutoa kelele nyingi kwenye waya. Mota na baadhi ya taa za LED nazo zina tabia hiyohiyo, hivyo picha ikikwama saa za jioni tu, angalia ni kitu gani huwashwa wakati huo.

Njia ya waya nayo ina uzito wake. Soketi mbili zinazotazamana ukutani huenda zinalishwa na saketi tofauti, mawimbi yakalazimika kuzunguka hadi kwenye boksi kuu la umeme na kurudi. Zikiwa kwenye fezi tofauti, yaani zinalishwa na nyaya tofauti kati ya zile zinazoleta umeme nyumbani, hali huwa mbaya zaidi. Hili huwezi kulijua kwa macho, kwa hiyo jaribu kila soketi ya chumba hicho huku ukipima kasi kwa kompyuta.

Baada ya kuchomeka, bonyeza kitufe cha kuoanisha kwenye adapta zote mbili hata kama tayari zinawasiliana, ili zipate ufunguo wa siri wa kwenu pekee, kwa kuwa nyingi hutoka kiwandani na ufunguo uleule mmoja, na katika jengo la familia nyingi mawimbi yanaweza kumfikia jirani.

Nunua mahali wanapokubali kurudishiwa bidhaa. Ukipima ukapata chini ya megabiti 15 katika kila soketi, zirudishe, kisha upitishe kebo ya mtandao ukutani, ambayo hufanya kazi vizuri hadi mita 100.