Je, «amuse» maana yake ni kutofikiri?
Ndugu, maelezo uliyoyasikia, kwamba «amuse» ya Kiingereza, yaani kuburudisha, ni «a» ya kukanusha ikaungana na «muse», kufikiri, si sahihi. Neno limetoka kwenye «amuser» ya Kifaransa. Hiyo «a» asili yake ni «ad» ya Kilatini, yaani kuelekea, na «muser» ilikuwa kuzubaa, kukodoa macho tu. «A» ya kukanusha ni ya Kigiriki. Ukiona mtu kaibandika kwenye kitenzi cha Kifaransa, tilia shaka hapo hapo. Hata hivyo hoja yako, kwamba vipindi vya burudani hupumbaza watu, ina mashiko: katika karne ya 17 Waingereza walitumia «amuse» kwa maana ya kumzuga mtu asione unachofanya.

Kiswahili kimepita njia nyingine kabisa, na mimi naipenda zaidi. Burudani inatokana na mzizi wa Kiarabu b-r-d, ubaridi. Kuburudika ni kupoa. Starehe ni «istiraha», kupumzika, mzizi mmoja na raha. Humo hamna dokezo lolote la kupumbaa. Kwa hiyo ukitaka kukemea vipindi vya kupumbaza, usiegemee asili ya «burudani», haitakusaidia. Tumia «kuzuga» au «kupumbaza» moja kwa moja.