Hivi Meyer, Maier na Mayr ni ukoo mmoja?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Nafundisha historia, tulikuwa kwenye Mjerumani Hans Meyer aliyefika kilele cha Kilimanjaro 1889, mwanafunzi kaniuliza hilo jina maana yake nini nikakosa jibu. Halafu kuna yule kipa wa zamani Sepp Maier, ni ndugu hawa? (Mwalimu, Moshi)

JIBU: Mwalimu shikamoo, huyo mwanafunzi wako mpe hongera. Sio ndugu, maana Meyer ilikuwa kazi kabla ya kuwa jina. Imetoka kwenye Kilatini, maior, yaani mkubwa, na enzi za mabwana wenye ardhi huyu Meier ndo alikuwa kama nyapara wa shamba la bwana au la watawa, anasimamia kazi, anakusanya mazao kwa wakulima anapeleka kwa mwenye mali, na baadaye kule kaskazini mwa Ujerumani hata mkulima aliyekodi shamba akaitwa hivyohivyo. Sasa mashamba yalikuwa mangapi nchi nzima? Ndo maana wamejaa, mpaka ikabidi waongezewe maneno wasichanganywe: wa juu Obermeier, wa chini Niedermeier, mgeni Neumeier.

Hizo tofauti za herufi ni za padri tu, kwenye vitabu vya kanisa aliandika jina alivyosikia. Kaskazini utakuta sana Meyer na Meier, kusini magharibi Maier, Bavaria na Austria Mayr na Mayer. Zilikuja kutulia 1876 serikali ilipoanza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo Ujerumani nzima.

Ila kuna Meyer wengine ambao hawahusiani kabisa na shamba, na hapa watu wengi wanakosea. Wayahudi walikuwa na jina Meir, la Kiebrania, maana yake anayetoa nuru, lilikuwa jina la mtu sio la ukoo, kwa hiyo serikali zilipowadai majina ya ukoo, kwa Prussia, dola moja ya Wajerumani enzi hizo, ilikuwa 1812, wapo waliochukua jina la baba wakaliandika Meyer kama Wajerumani wenzao.

Huyo Hans wa Kilimanjaro yeye ni mjukuu wa Joseph Meyer, mchapishaji aliyefungua kampuni yake ya vitabu mji wa Gotha mwaka 1826 na kutoa ensaiklopidia kubwa yenye jina lake. Kwa Meyer mwingine yeyote jina peke yake halitakwambia kitu, inabidi ujue kwanza babu yake alitoka kijiji gani, ndo ukatafute vitabu vya kanisa vya pale.