Jalada la albamu na kipeperushi cha tamasha: kwa nini picha moja haitoshi

SWALI: Mimi ni kiongozi wa bendi ya benga yenye wanamuziki saba hapa Kayole, Nairobi. Tulitengenezewa jalada la albamu mpya, kisha tukaongeza maandishi kwenye jalada hilo hilo ili liwe kipeperushi cha tamasha la uzinduzi. Kwenye kompyuta lilipendeza sana. Kwenye simu, hakuna anayeweza kusoma jina la bendi, na vipeperushi 1,000 vya A5 tulivyochapisha mjini vimetoka na zambarau iliyopauka kama leso iliyosahauliwa juani. Mchapaji anamlaumu msanifu, msanifu anamlaumu mchapaji. Nani mwenye kosa, na turekebisheje? Nimekutumia picha zote mbili.

JIBU: Ndugu yangu, kila mmoja wao ana sehemu yake, na nitaifikia, lakini kosa lililozaa mengine yote ni lile la kuifanya picha moja ibebe kazi mbili. Jalada la albamu huwekwa ili litambuliwe; kipeperushi hutolewa ili kisomwe. Mtu akiona jalada anatakiwa ajue ni nyinyi hata kabla ya kusoma chochote, na akipokea kipeperushi anatakiwa ajue ni nani anayetumbuiza, ni lini, ni wapi na ni pesa ngapi, kabla hajafika kwenye pipa la taka lililo karibu.

Tuanze na jalada. Zamani za sahani za santuri, jalada la inchi 12 lilikuwa na upana wa sentimita 31 hivi, na mnunuzi alilishika mkononi, akaligeuza, akasoma hata maandishi madogo. Leo msikilizaji wako hulikuta kwenye orodha ya nyimbo simuni, likiwa kubwa kidogo tu kuliko ukucha wa kidole gumba. Nililipunguza jalada lako hadi ukubwa huo: nyuso zenu saba zikawa nukta saba za kahawia, na jina la bendi, lililoandikwa kwa herufi za kujikunjakunja zenye kivuli na mstari wa dhahabu pembeni, likawa kama uzi uliotupwa juu ya picha. Ningependa uchague kitu kimoja. Katika picha uliyonitumia kuna mkono wa mpiga gitaa la solo, vidole vikiwa vimebana nyuzi, na huo peke yake una benga kuliko suti zote saba. Ukate ujae fremu, jina liwe juu yake kwa herufi nene zisizo na mapambo, na wanamuziki wenzako wanaotaka kuonekana waambie watapata nafasi kwenye video. (Najua mkutano huo hautakuwa mwepesi.)

Usidhani kwamba uchache ni umaskini. Reid Miles, aliyesanifu mamia ya majalada ya jazi kwa kampuni ya Blue Note ya Marekani katika miaka ya 1950 na 1960, mara nyingi alitumia picha ya rangi nyeusi na nyeupe, rangi moja ya ziada na herufi kubwa, na kazi zake bado zinatazamwa na kuigwa. Jambo jingine la kiufundi ni kwamba wasambazaji wengi wa muziki mtandaoni huhitaji jalada la mraba lenye pikseli (vijinukta vinavyounda picha) 3,000 kwa 3,000, na hukataa jalada lenye namba ya simu, bei au anwani ya tovuti. Namba yenu ya kukodi bendi, iliyo pembeni mwa jalada, itoke.

Kipeperushi kina shida tofauti. Kwenye chenu, jicho linakutana kwanza na "TUNAWAKARIBISHA WOTE", kisha nembo nne za wadhamini, na tarehe imejibanza chini kabisa. Ukubwa wa maandishi ndio unaomwambia msomaji aanzie wapi, kwa hiyo jina la bendi liwe kubwa kuliko yote, siku na mahali vifuate kwa ukubwa unaoonekana kupungua waziwazi, na mengine yote yawe madogo na yafanane. Bei ya kiingilio na namba ya kulipia kwa M-Pesa vikae pamoja, kwa sababu vitu vilivyo karibu jicho huvisoma kama jambo moja. Nyinyi mmeviweka kwenye pembe mbili zinazotazamana. Kumbukeni pia kwamba maneno ya Kiswahili ni marefu. "Tunawakaribisha" ina herufi 15, na ukiiandika kwa fonti pana yenye herufi kubwa tupu italazimika kuwa ndogo au kukatwa. Tumia fonti nyembamba, au bora zaidi liondoe neno lenyewe, maana hakuna anayechapisha kipeperushi ili kuwafukuza watu.

Halafu kuna "Saa 2:00". Hapa Nairobi, nusu ya wasomaji wako wataielewa kuwa saa mbili usiku, na nusu nyingine wataisoma Kizungu, yaani saa nane mchana. Andika "saa nane mchana" kwa maneno kamili.

Sasa zambarau. Skrini hutoa rangi kwa mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu, ilhali mashine ya kuchapa hutumia wino wa rangi nne: samawati, magenta, manjano na nyeusi. Zambarau na buluu zinazong'aa kwenye skrini ni miongoni mwa rangi ambazo wino huo hauwezi kuzifikia, kwa hiyo msanifu alipaswa kubadili faili kuwa ya rangi nne na kuwaonyesha matokeo mapema. Mchapaji naye angeweza kuwapa nakala moja ya majaribio kabla ya kuchapa zote. Ukungu ninaouona kwenye nyuso una sababu nyingine: umeniambia faili ilitumwa kama picha ya WhatsApp, ambayo hupunguzwa pikseli njiani. A5 ni milimita 148 kwa 210, na kwa nukta 300 kwa inchi inahitaji takriban pikseli 1,748 kwa 2,480. Tumeni PDF kama hati, si kama picha.

Ongezeni pia milimita 3 za usuli, yaani rangi au picha ya nyuma, nje ya ukingo kila upande, ili kisu cha kukatia karatasi kiwe na cha kukata, na maandishi yakae ndani, mbali na ukingo. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii niliibandika namba ya simu ya mteja ukingoni kabisa, kisu kikala tarakimu ya mwisho kwenye nakala zote, na tulikesha tukiiandika kwa kalamu.

Ili jalada na kipeperushi vionekane ndugu, tumieni rangi ile ile ya ziada, fonti ile ile ya jina la bendi na kipande cha picha ile ile ya gitaa. Mkishapata nakala ya majaribio, mpe mtu asiyejua habari za tamasha aitazame kwa sekunde tano, kisha umnyang'anye na umuulize ni nani, lini na wapi. Akisita kwenye lolote, rudini kwenye kompyuta kabla ya kulipia 1,000 nyingine.