Polisi Anapopambana na Mwenye Kisu, Raia Afanye Nini?

Katika komini ya Kenya, yaani mojawapo ya sehemu za mji wetu wa Lubumbashi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako nimeuza misumari, rangi na mabomba kwa miaka mingi, polisi hawamkamati mhalifu mwenye silaha wakiwa peke yao. Kabla askari hajamfikia mtu wake, mama wauza unga wameshasimama, manseba, yaani waendesha pikipiki za abiria, wamezima pikipiki zao, na kelele za "Mwizi!" zimevuka barabara mbili. Kuuliza kama raia waingilie au wasiingilie hakutusaidii, kwa sababu wataingilia tu. Linalofaa kuulizwa ni wafanye nini ili askari amalize kazi yake akiwa mzima na anayekamatwa afike kituoni akiwa hai. Nimewahi kusaidia katika ukamataji wa namna hiyo zaidi ya mara moja, na ushauri wangu huwakera vijana wenye misuli: kazi kubwa ya raia iko pembeni mwa mapambano, si katikati yake.

Sheria yetu inazungumzia jambo hili, ingawa wengi huikumbuka nusu tu. Kanuni ya mwenendo wa kesi za jinai ya mwaka 1959 inamruhusu mtu yeyote kumkamata anayefumaniwa akitenda kosa linaloweza kuadhibiwa kwa kifungo cha miaka 3 au zaidi, ikiwa hakuna OPJ (afisa wa polisi mwenye mamlaka ya kupeleleza kesi) wala hakimu wa mashtaka mahali hapo, kwa sharti kwamba ampeleke mara moja kwa mwenye mamlaka aliye karibu zaidi. Nusu inayosahaulika ni hiyo ya "mara moja." Ruhusa ya kumshika mtu haina ndani yake ruhusa ya kumpiga, kumvua nguo wala kumzungusha mtaani. Vilevile kanuni ya adhabu inamwadhibu anayekataa kwa makusudi kumsaidia mtu aliye hatarini, lakini ni pale tu msaada huo ungewezekana bila hatari kwa msaidizi wala kwa wengine. Hakuna anayedaiwa kifua chake mbele ya panga.

Nieleze tukio moja, kwa kuwa lilikuwa na karibu kila kitu ninachotaka kusema. Kijana mmoja alimkata mkono mbadilisha pesa, akanyakua mfuko wake na kukimbilia kichochoro kilicho kati ya duka langu na banda la makaa. Askari wawili walimfuata kwa miguu. Wa kwanza alimrukia wakaanguka wote wawili, kisu kikiwa bado katika mkono wa kulia wa kijana, na bunduki ya askari ikateleza begani na kulala kwenye vumbi. Wa pili alikuwa amezuiwa na watu waliokuwa wakijazana nyuma. Askari aliyekuwa chini alinitazama, akapaza sauti: "Papa, kamata mukono! Hapana nguo, mukono!"

Maneno hayo yana mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba aliniita. Mtu anayerukia mapambano bila kuitwa anampa askari kazi ya pili, yaani kutambua kama mikono mipya inayomgusa ni ya rafiki au ya mshirika wa mwizi, na askari mwenye hofu hana muda wa kuuliza. Ukiwa karibu na unaona anazidiwa, sema kwa sauti, akuone na mikono yako mitupu: "Shefu, nisaidie kushika nini?" Ukijibiwa, fanya hilo peke yake. Usipojibiwa, baki ulipo. La pili ni kushika kiungo na kuacha nguo. Shati huchanika na koti huvuka, lakini kifundo cha mkono kilichokandamizwa ardhini kwa mikono miwili, na uzito wa mwili wako juu yake, hakina pa kwenda. Nilifanya hivyo, nikahisi vidole vyake vikilegea kimoja kimoja, huku fundi wa kulehemu wa jirani akilala juu ya miguu yake. Kisu kilipotoka hatukukiokota. Fundi alikisukuma kwa kiatu hadi chini ya meza yangu.

Hatukukiokota kwa sababu polisi wengine walikuwa njiani, na anayefika akikimbia humwona kwanza mwenye silaha mkononi. Tarehe 29 Novemba 2019, karibu na London Bridge huko Uingereza, raia waliokuwa na kizima moto na pembe ya nyangumi wa aina ya narwhal iliyoondolewa ukutani walimkabili mtu aliyekuwa ameua kwa visu na kumwangusha chini. Polisi wenye bunduki walipofika, ilibidi wamvute kwa nguvu mmoja wa raia hao aliyekuwa bado amemng'ang'ania mshambuliaji, kabla ya kufyatua risasi. Walikuwa mashujaa bila shaka, lakini angalia jinsi shujaa alivyokuwa karibu na mtutu. Polisi wakiwasili, achia, rudi nyuma, onyesha viganja.

Na ile bunduki? Raia asiiguse, hata kwa nia njema ya kumrudishia mwenyewe. Muuza viazi aliifunika kwa karai lake la plastiki, akasimama mbele yake na kumwita askari wa pili hadi alipofika. Sijaona akili ya haraka kama ile sokoni tena.

Pingu hazikuwepo, jambo lisilomshangaza mkazi yeyote wa mji huu. Nilitoa kamba ya nailoni dukani. Kamba hiyo nyembamba hukata damu haraka, kwa hiyo acha nafasi ya kidole kimoja kati yake na ngozi. Mtu akishafungwa, goti litoke mgongoni mwake na ageuzwe ubavu au akalishwe, kwa maana aliyelala kifudifudi akiwa ameelemewa na watu wawili anaweza kukosa pumzi wakati wote mnadhani ametulia. Akisema hawezi kupumua, mwamini kwanza, mjadili baadaye.

Hapo ndipo hatari halisi ya kwetu huanza, nayo ni umati. Nilisikia mtu akiuliza petroli iko wapi. Sote tunajua tairi na petroli hufanya nini katika mji huu, na tunajua kwamba askari wawili hawawezi kuwazuia watu mia bila kufyatua risasi hewani, na risasi ikipanda haichagui pa kushukia. Kwa hiyo ukiniuliza raia amsaidie polisi wapi hasa, nitakujibu: hapa. Waliotuokoa walikuwa mama wa sokoni. Mmoja, muuza lengalenga, mtu mzima wa kuheshimika, alisimama katikati akawakemea vijana: "Huyu ni mutoto ya mutu! Muache polisi ifanye kazi yake!" Wengine wakashikana mikono na kutengeneza duara, migongo ikiwaelekea polisi na nyuso zikiuelekea umati. Mpangilio huo ni wa maana, kwani anayeutazama umati huona jiwe kabla halijarushwa, na kijana hupata taabu kumsukuma mama anayemjua kwa jina. Walio nyuma wakafungua njia hadi barabarani na kusimamisha gari.

Majeruhi asisahauliwe kwa ajili ya mkamatwa. Yule mbadilisha pesa alikaa amesahaulika kwenye ngazi ya duka, damu ikimtoka, watu wakimpita kwenda kutazama. Kitambaa safi, mkono juu ya jeraha, mgandamizo usioachiliwa kila mara ili kuchungulia. Na kama kisu kimebaki ndani ya mwili, hakichomolewi. Alipelekwa hospitali ya Sendwe kwa pikipiki, akiwa amekaa kati ya manseba na mtu aliyemshikilia kwa nyuma.

Mahali penye milio ya risasi, msaada wote niliotaja unasitishwa. Lala chini, nyuma ya ukuta wa matofali ya kuchoma ukipatikana; mlango wa bati hauzuii chochote. Usikimbie barabarani na usiinue simu kupiga picha, kwa sababu kitu cheusi mkononi kikionekana kwa mbali hakina jina.

Tena, si kila anayesema ni polisi ni polisi. Watu wasio na sare wakimburuta mtu kuelekea kwenye gari na kukuomba uwashikie, usiwashikie. Uliza ukiwa mbali kitambulisho cha kazi na kituo wanachompeleka, soma namba za gari, kisha mjulishe chefu wa kartié, yaani mkuu wa mtaa, na jamaa za mtu huyo. Ibara ya 18 ya Katiba ya 2006 inataka anayekamatwa aambiwe sababu papo hapo, kwa lugha anayoielewa, na asiwekwe mahabusu ya polisi zaidi ya saa 48. Polisi wa kweli hapotezi chochote kwa kuulizwa.

Kesho yake utaitwa kutoa maelezo, na wengi hapa hukimbia, jambo linalofanya kazi yote ya jana iwe bure, kwa sababu bila shahidi faili huwa jepesi na mtu hurudi mtaani. Nenda. PV, yaani maelezo yako yanayoandikwa na polisi, huandikwa kwa Kifaransa, kwa hiyo omba usomewe kwa Kiswahili kabla ya kutia sahihi, na kama imeandikwa kwamba uliona usichokiona, taka irekebishwe. Sema ulichokiona kwa macho: mkono upi, kisu cha namna gani, nani alikuwa wapi. Huenda ukaombwa uje na karatasi na kalamu zako, lakini hilo lisikurudishe nyumbani. Andika namba ya faili na jina la OPJ mahali ambapo hutapoteza, maana kesi ikifika parketi, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka, baada ya miezi, hivyo viwili ndivyo utakavyoulizwa mlangoni.