Binti wa miaka 13, mgongo umepinda: umkatalie daktari eksirei ya kila miezi sita?

Dada, pole na mawazo. Umesema jirani amekutisha kwamba eksirei hizi zitamletea binti saratani ya matiti. Mimi kazi yangu ni hiyo hiyo, chumba cha eksirei hapa Arusha, kwa hiyo vumilia jibu refu.

Usikatae. Msichana anayekua, mpindo unaweza kuongezeka haraka, na bila picha daktari hawezi kupima pembe yake. Ila jirani naye hakutunga. Marekani walifuatilia wanawake 5,573 waliogundulika na tatizo hili kati ya mwaka 1912 na 1965, waliopigwa kwa wastani eksirei 25 hivi kila mmoja. Ripoti ilitoka mwaka 2000: saratani ya matiti iliua 77, wakati waliotarajiwa, kwa kulinganisha na wanawake wengine wa idadi hiyo, ni kama 46. Mashine za zamani zilitoa mionzi mingi kuliko za leo, na wengi walipigwa kifua kikiielekea mashine. Titi la binti anayevunja ungo linaathirika kirahisi kuliko la mtu mzima.

Kwa hiyo cha kupigania ni namna anavyosimamishwa. Aipe mashine mgongo, kifua na tumbo viguse ubao wa picha, kidevu juu. Mionzi ikiingia kwa nyuma, sehemu kubwa inaishia mwilini kabla ya kufika kwenye matiti, na mgongo unaonekana vilevile. Mwambie mpigaji kwa upole: "Kaka, naomba apigwe kutoka nyuma." Anayeijua kazi yake hatakasirika.

Kinachoniuma zaidi ni picha za kurudia. Mtoto anatoka Moshi na karatasi ya majibu tu, filamu imebaki nyumbani juu ya kabati, au CD hakupewa. Daktari anataka kulinganisha, tunapiga upya. Dai picha zako kila mara, andika tarehe kwenye bahasha, usizikunje. Na kabla hajaingia avue sidiria yenye vyuma, cheni na shanga za kiunoni. Vyote hivyo hutokea kwenye picha na kuiharibu.

Mtu akitaja CT scan, yaani eksirei nyingi ambazo kompyuta inaziunganisha, hapo uliza sababu. Eksirei moja ya kifua ni kama milisivati (kipimo cha mionzi) 0.1, CT ya tumbo inaweza kufika 8 au 10, na mazingira ya kawaida yanatupa wastani wa 2.4 kwa mwaka. MRI (picha ya sumaku) na ultrasound (picha ya mawimbi ya sauti) hazina mionzi ya aina hii kabisa. Muulize pia daktari kama mifupa ikikaribia kukomaa mnaweza kurefusha muda kati ya picha na picha.

Ukitilia shaka mashine yenyewe, Tume ya Nguvu za Atomu ndiyo inayozikagua na kuzipa leseni, na wapo Njiro, hapa hapa Arusha.

Mwisho, binti akiulizwa siku zake za mwisho au kama ana ujauzito, msikasirike. Tunamuuliza kila aliyevunja ungo, na ukiona ataona aibu mbele yako, toka nje kidogo ajibu mwenyewe.