Iowa 2023: mechi 10 tulishinda na bado tuliumia

Mkuu, umeuliza inakuwaje mashabiki wa Iowa Hawkeyes, timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Iowa, walalamike msimu mzima wa 2023 wakati timu ilishinda mechi 10 na kufika fainali ya Big Ten, ligi yetu ya vyuo. Mimi naishi Iowa City na msimu ule niliufuatilia mechi kwa mechi, kwa hiyo nivumilie, jibu langu ni refu.

Kati ya timu 133 za daraja la juu la futiboli ya vyuo Marekani, Iowa ilishika nafasi ya 133 kwa yadi za ushambuliaji. Ya mwisho kabisa. Wastani wake ulikuwa pointi 15.4 kwa mechi, na humo ndani kuna pointi zilizoletwa na ulinzi na warudisha mipira. Tulipoteza mechi nne. Tatu kati ya hizo hatukuambulia kitu: Penn State 31-0, Michigan 26-0 kwenye fainali, Tennessee 35-0. Siku ya Penn State timu nzima ilitembea yadi 76, mechi nzima!

Kwa wasioufuatilia mchezo huu: timu inapewa majaribio manne ya kusogea yadi 10. Matatu yakibuma, mara nyingi anaingia mpiga panti, anaubutua mpira mbali ili wapinzani waanzie karibu na mstari wao wenyewe. Yaani umeshindwa, unaomba mabeki wako wakuokoe. Kwetu hiyo ndiyo ilikuwa silaha kuu. Tory Taylor, kijana kutoka Melbourne, Australia, alipiga panti 93 msimu ule, jumla yadi 4,479, akavunja rekodi ya vyuo iliyodumu tangu 1938. Pale Kinnick, uwanja wetu, watu walikuwa wakisimama kumshangilia kama mfungaji, na mimi nilisimama pia, maana mpira wake ulikuwa ukidondoka hatua chache tu kutoka mstari wa goli na kufia palepale. Ni kipaji cha kweli. Ila rekodi ya namna ile haivunjwi na mguu wa mtu mmoja. Inahitaji washambuliaji wanaokwama mara 93.

Hapo ndipo penye uchungu wenyewe. Ulinzi wa kocha wa mabeki, Phil Parker, ulikuwa miongoni mwa bora nchini, na yeye mwaka huo alipewa Broyles, tuzo ya kocha msaidizi bora. Ulinzi wa aina hiyo timu haipati kila mwaka. Ukiupata, unahitaji washambuliaji wa kawaida tu, hata wa nafasi ya 70, uanze kuota ubingwa. Sisi tulikuwa tunapaki basi kuanzia dakika ya kwanza.

Watu wengi hapa bado wana hasira na waamuzi wa mechi ya Minnesota, tarehe 21 Oktoba 2023. Tuko nyuma 12-10, dakika za mwisho, beki wetu Cooper DeJean anaokota panti yao na kukimbia nayo mpaka mstari wa goli, uwanja unalipuka. Video inaangaliwa, wanafuta: eti alipunga mkono kabla ya kuuchukua mpira, ishara inayomzuia kukimbia nao. Nilipiga kelele kama wengine. Lakini mpira ulibaki wetu, muda ulikuwepo, na tulichohitaji ni kusogea tu tupige fildi goli (teke kati ya nguzo) ya pointi tatu. Pasi ikanaswa, mechi ikaisha. Kwa nini tulikuwa nyumbani tunamtegemea beki atufungie?

Kuna wanaosema majeruhi. Kweli, kwataabeki (mrusha pasi) Cade McNamara aliumia goti mapema, na Luke Lachey na Erick All, wapokeaji wa kutegemewa, nao wakaondoka. Hilo nalikubali, na vijana walioingia badala yao siwalaumu hata kidogo. Ila ugonjwa ulianza zamani. Mechi ya kwanza ya 2022, kwataabeki wetu namba moja yupo uwanjani, tuliifunga South Dakota State 7-3 kwa fildi goli moja na safeti mbili (pointi mbili kila moja, kwa kumbana mpinzani mwenye mpira nyuma ya mstari wake wa goli), ambazo ni kazi ya mabeki. Hapakuwa na tachidauni hata moja, yaani kuufikisha mpira ng'ambo ya mstari wa goli wa wapinzani. Mzee mmoja wa Bukavu tuliyekuwa naye sebuleni (Wakongo ni wengi hapa) alisoma 7 kwenye skrini akaniuliza, "Sasa ile saba imetoka wapi, mbona sijaona mtu akifunga?" Nilimweleza nikaishiwa maneno katikati.

Mwenye dhamana ya ushambuliaji alikuwa Brian Ferentz, mwana wa kocha mkuu Kirk Ferentz. Kwa 2023 mkataba wake ulirekebishwa: timu ifikishe wastani wa pointi 25, na pointi za mabeki zihesabiwe. Sharti lenyewe lilionyesha tumeshuka kiasi gani, na bado halikufikiwa. Tarehe 30 Oktoba chuo kilitangaza hataendelea baada ya msimu. Sikufurahia mtu kupoteza kazi, ila nilipumua.

2024 nafasi yake akaja Tim Lester. Kaleb Johnson akakimbia yadi 1,537 na tachidauni 21, wastani ukapanda hadi pointi 27.7. Tulishinda mechi nane tu, pungufu ya 2023, na mimi ningechagua msimu huo bila kufikiri mara mbili, kwa sababu timu ilikuwa inajaribu kufunga. Pasi bado zilikuwa mbovu, na hilo Lester alibaki na kazi nalo.